Unaingia IVF? Haya ndo utakayokutana nayo, kuanzia vipimo mpaka siku ya majibu

Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye dokta ameshamwambia "nyie njia yenu ni IVF" (yai na mbegu vinakutanishwa maabara, alafu yai lililorutubika na kuanza kukua, yaani embrayo, linawekwa kwenye kizazi) na amerudi nyumbani na karatasi ya bei kwenye pochi na hajui aanzie wapi. Mimi nilipita huko mwishoni mwa 2022, mirija yote miwili mibovu, nakaa Morogoro, kliniki iko Dar. Nilisoma kila kitu nilichokipata mtandaoni na bado kuna jambo moja hamna aliyenikalisha chini akaniambia, nalo ni kwamba IVF ni hesabu ya kushuka. Unaanza na namba kubwa, kila baada ya siku chache namba inapungua, na kama hujui kwamba ndo kawaida yake utalia kwenye kila simu kama nilivolia mimi. Kwahiyo nikiwa naelezea hatua ntakuwa naweka na namba zangu, sio kwamba zako zitakuwa hivyo hivyo, ila uone zinavyoshuka.

Vipimo, na wote wawili mnapimwa

Narudia, wote wawili. Kuna wanaume wanaona wao wamekuja kusindikiza tu, mke ndo mgonjwa, wanakaa kwenye benchi wanaangalia mpira kwenye simu. Mume anatoa mbegu baada ya kukaa bila tendo la ndoa siku 2 mpaka 7, wanaangalia wingi, mwendo na umbo lake. Majibu yakija sifuri msianze kugombana, kuna wanaume mbegu zinatengenezwa vizuri ndani ila njia ya kutokea ndo imeziba, hao wanafuatwa huko huko kwenye korodani kwa sindano na inatosha kwa IVF. Alafu wote mnapimwa HIV, homa ya ini B na C, na kaswende.

Mwanamke ana orodha ndefu zaidi. Kuna AMH, hii ni damu unatoa siku yoyote, inaonyesha akiba ya mayai uliyobaki nayo. Inaonyesha wingi tu, ubora wa mayai unafuata umri wako, ndo maana mdada wa miaka 30 mwenye AMH ndogo anaweza kushika mimba na wa miaka 43 mwenye AMH nzuri akahangaika. Kuna FSH (homoni inayokuza mayai) na estrojeni, hizi zinatolewa siku ya 2 au ya 3 ya hedhi. Kuna ultrasaundi ya ndani ambapo dokta anahesabu vifuko vidogo vya mayai kila upande. Na kuna HSG, ile picha ya mirija wanayopitisha dawa, ambayo kwa kweli inauma, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla hujaenda na usiende peke yako.

Hapo kwenye HSG kuna kitu nataka nikisemee. Ukiambiwa mrija wako umevimba na una maji ndani na inabidi utolewe au ufungwe kabla ya IVF, usimuone dokta anatafuta hela ya operesheni. Yale maji yanarudi kwenye kizazi na yanapunguza sana uwezekano wa mimba kushika. Mimi nilibisha miezi minne, nikamtafuta dokta wa pili, naye akaniambia kitu kile kile, nikatolewa mrija wa kushoto. Na uvimbe ule unaoingia ndani kabisa ya nyumba ya mtoto nao hivyo hivyo, unashughulikiwa kwanza.

Anza vidonge vya foliki mikrogramu 400 kila siku mapema, usisubiri mimba. Na zile dawa za kwenye mitandao za "kusafisha kizazi" na "kuzibua mirija", jamani, acha. Mimi nilikunywa chupa tatu, mirija haikuzibuka hata kidogo, kama unatumia kitu chochote cha mitishamba mwambie dokta ukweli kabla hujaanza sindano, hakuna anayekucheka, wote tumepita kwa hao mabwana.

Hela na kalenda

Kwenye hela swali la kuuliza ni moja: bei hii ndani yake kuna nini na nje yake kuna nini? Mara nyingi kwenye ile karatasi dawa za sindano haziko, kugandisha embrayo haiko, ICSI (kuchukua mbegu moja na kuichoma ndani ya yai moja) iko pembeni, hata nusu kaputi inaweza kuwa pembeni. Sisi karatasi ilisema milioni 12, tukamaliza kwenye 17 na ushee. Tulikuwa tumeuza kiwanja Mkundi, ile chenji tuliyodhani itabaki haikubaki. Bima zetu nyingi hazigusi haya mambo kabisa kwahiyo usitegemee.

Kalenda sasa. Kuna mpango mfupi na mpango mrefu, dokta ndo anachagua kutokana na vipimo vyako. Kwenye mfupi, kuanzia hedhi mpaka kuvunwa mayai ni kama wiki mbili. Mrefu unaanza na dawa za kutuliza homoni kwenye mwezi wa kabla, kama siku ya 21, ndo baadae sindano zinafuata. Kwenye siku za sindano utaenda kupiga ultrasaundi kila baada ya siku 2 au 3, tena wanakwambia jioni kwamba uje kesho asubuhi. Mimi nlidhani ntakuwa napanda basi la alfajiri Msamvu nakwenda narudi, nikafanya mara mbili nikachoka kabisa, nikahamia kwa shangazi Tabata. Siku hizi mna SGR hapo Morogoro chini ya masaa mawili umefika, mko vizuri kuliko sisi wa foleni ya Kibaha, lakini anayetoka Mbeya au Kigoma apange kabisa pa kukaa Dar kwa wiki tatu hivi.

Nani wa kumwambia? Wachache. Mtu mmoja kazini wa kukuombea ruhusa na mtu mmoja wa familia. Kila utakayemwambia atakupigia siku ya majibu, hilo ndo la kupima. Mama mkwe wangu tulimwambia ninatibiwa uvimbe, mpaka leo anauliza ule uvimbe uliishaje.

Siku ya kwanza ya hedhi

Siku ya kwanza ni siku damu inatoka kamili ya kuhitaji pedi, yale matone ya kahawia ya jana yake hayahesabiki. Ukiona, piga simu kliniki siku hiyo hiyo hata kama ni Jumapili. Siku ya 2 au ya 3 unaenda, wanapiga ultrasaundi ya ndani (ndio, ukiwa kwenye damu, wamezoea, usione aibu), wanaangalia kama hakuna uvimbe wa maji kwenye ovari na kama ukuta wa kizazi ni mwembamba. Wakikuta uvimbe wa maji wanaweza kuahirisha mwezi mzima. Inauma kuahirishwa lakini afadhali hapo maana hujachoma dawa hata moja.

Sindano

Hapa ndo kila mtu anapoogopa, na kwa kweli sindano yenyewe ni ndogo, ya tumboni chini ya kitovu, unakaa pembeni ya kitovu kama vidole viwili vitatu, unabana nyama, unaingiza, unahesabu mpaka kumi, unatoa. Leo kushoto kesho kulia. Nyingine zinakuja kama kalamu unazungusha namba ya dozi, nyingine ni unga unachanganya na maji yake mwenyewe, hizi za unga ndo zinawasha kidogo. Muda ni ule ule kila jioni, ukianza saa mbili usiku basi saa mbili kila siku, weka alamu mbili. Zinaendelea siku 8 mpaka 14, wengi wanaangukia 10 au 11. Kuanzia kama siku ya 5 au ya 6, kwa wale wa mpango mfupi, unaongezewa sindano ya pili ya kuzuia mayai yasije yakatoka yenyewe kabla ya muda.

Kwanini sindano zote hizi wakati mwili unatoa yai moja kila mwezi? Ni kwa sababu ya ile hesabu ya kushuka niliyosema. Mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na mama yake alikuwa na mirija iliyoziba kama mimi, na yeye hakuchomwa sindano za kukuza mayai, walichukua yai moja tu la mwezi ule na likakubali. Lakini kabla yake wale madaktari walikuwa wamejaribu kwa miaka na kufeli mara nyingi sana. Ukiwa na yai moja likikataa ndo mwezi umeisha. Ukiwa na kumi una pa kupunguzia.

Friji. Dawa nyingi zinataka kukaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, baadhi zinakubali kukaa nje kwa muda kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na mwenye akili timamu anajua Dar mwezi wa kumi na moja nyuzi 25 iko wapi. Mwaka ule tulikuwa na mgao wa umeme. Tulichofanya: kontena dogo la kupozea, chupa za maji zilizoganda zimefungwa kwenye taulo, dawa juu yake zisiguse barafu moja kwa moja maana ikiganda nayo imeharibika. Usiweke dawa karibu na frizer na usiweke kwenye mlango wa friji, pale joto linapanda na kushuka kila mtu akitafuta maji baridi. Na kama unasafiri na basi, ile boksi inakaa miguuni kwako, konda akisema iende chini kwenye buti mwambie ni dawa ya mgonjwa.

Utajisikiaje? Tumbo linajaa, suruali zinagoma, kichwa kinauma, unachoka, unalia kwa tangazo la sabuni. Kuanzia siku ya 7 hivi nilikuwa nahisi ovari nikishuka ngazi. Acha bodaboda za barabara mbovu, acha kuruka kamba, na tendo la ndoa fuata dokta atakavyosema kwa sababu ovari zikiwa zimevimba zinaweza kujinyonga, na hiyo ni dharura ya operesheni. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja na kutapika, nenda hospitali usiku huo huo.

Ultrasaundi ya mwisho kwangu ilionyesha vifuko 14 vya kueleweka. Nikampigia mume wangu nikamwambia tuna watoto 14. Usifanye hivyo.

Sindano ya mwisho, ile ya saa

Vifuko vikubwa vikifika kama milimita 17 mpaka 20 dokta anasema basi, leo ni sindano ya kupevusha. Hii ndo sindano moja kwenye mzunguko mzima ambayo dakika ina maana, maana mayai yanavunwa masaa 34 mpaka 36 baadae, ukichelewesha au ukiwahisha sana unaweza ukakuta hayajakomaa au yameshatoka yenyewe. Mfano, kama unavunwa Alhamisi saa tatu asubuhi, sindano ni Jumanne saa tatu usiku.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Nesi alinipigia akasema "dada, unachoma saa tisa usiku". Nikakaa kimya. Nikamuuliza, sista, saa tisa ya Kiswahili au ya kizungu? Akacheka, akasema ya kizungu, yaani saa tatu usiku. Masaa sita hayo jamani! Kwenye karatasi imeandikwa 21:00, mdomoni anasema tisa, wewe unaweka alamu ya saa tisa usiku, kumekucha. Mwambie akuandikie kwenye WhatsApp kwa namba za masaa 24 na wewe umrudishie kwa Kiswahili akubali. Hii sindano achome mtu asiyetetemeka, na ukishachoma piga picha chupa na saa ukutani.

Siku inayofuata hakuna sindano. Ni siku nzuri, lala.

Kuvunwa mayai

Usile wala kunywa chochote kuanzia saa sita usiku, hata maji. Usipake losheni, marashi, rangi za kucha vua. Mume naye siku hiyo ana kazi, wanampa kikopo na chumba kidogo, na wapo wanaume wanashindwa siku hiyo kwa presha tu, sio jambo la kucheka. Kama mumeo ni wa hivyo au kazi yake ni ya safari (wangu dereva wa malori ya Tunduma), omba mbegu zigandishwe mapema kama akiba. Hii ilituokoa usingizi.

Wewe unapewa dawa ya usingizi kwa mshipa, unahesabu moja, mbili, umeondoka. Hakuna kupasuliwa, wanaingia kwa chini na sindano inayoongozwa na ultrasaundi wananyonya vifuko kimoja kimoja, ni dakika 15 mpaka 30. Unaamka tumbo linauma kama siku mbaya ya hedhi, damu kidogo, kizunguzungu. Unakaa masaa mawili matatu na unarudishwa na mtu, usiendeshe gari. Maumivu meza ile waliyokuandikia, usijiongezee diklofenaki ya dukani.

Kabla hawajakulaza watakuuliza jina lako na la mume, mara mbili tatu, na watakusomea kilichoandikwa kwenye kichupa. Usichoke kujibu. Kwa Waislamu wenzangu hili ndo lilikuwa swali langu la kwanza, maana masheikh wengi wa Sunni wanasema inaruhusiwa ikiwa ni mbegu ya mume na yai la mke walio kwenye ndoa, hakuna mtu wa tatu. Kwahiyo niliomba nione lebo kwa macho yangu na wakanionyesha bila kununa.

Vifuko 14, mayai 11. Kuna vifuko vinakuwa vitupu, ni kawaida.

Siku zinazofuata angalia mwili. Tumbo kujaa kidogo ni sawa. Lakini ukiona unaongezeka kilo moja au zaidi kwa siku, tumbo limekuwa gumu, unatapika, mkojo umekuwa kidogo na wa rangi nzito, au unashindwa kuvuta pumzi ukilala, hiyo ni ovari zimezidiwa na dawa na maji yanavuja kwenda tumboni, piga simu na uende, usisubiri asubuhi. Wanaopata sana ni wale wenye mayai mengi, hasa wa PCOS (ovari zenye vifuko vidogo vingi). Ndo maana mwingine anaambiwa embrayo zote tunagandisha, mwezi huu hatukuwekei, na anaona kama ameonewa.

Simu za maabara

Hii hatua haiumi mwilini na ndo iliyoniumiza kuliko zote. Wewe uko kwa shangazi umelala kwenye kochi, na maisha yako yote yako kwenye kabati la joto huko mjini.

Simu ya kwanza inakuja kesho yake. Mayai 11, yaliyokomaa 9, yaliyorutubika 6. Nikakata simu nikalia. Kutoka watoto 14 mpaka 6 ndani ya siku chache! Shangazi alidhani kuna msiba. Kumbe, na ndo ninachotaka ulale ukijua, hiyo ilikuwa siku nzuri. Kwa kawaida mayai kama asilimia 70 mpaka 80 ndo yanakuwa yamekomaa, na katika hayo yanayorutubika ni kama 60 mpaka 80 kwa mia. Namba yangu ilikuwa ndani kabisa ya kawaida, ila hamna aliyenipa kawaida yenyewe.

Siku ya 3 embrayo nzuri inakuwa na seli 6 mpaka 8. Zangu zote 6 zilikuwa hai, nikaanza tena kupanda mawinguni. Kati ya siku ya 3 na ya 5 ndo chujio kubwa linapita, maana mpaka hapo embrayo ilikuwa inaendeshwa na akiba ya yai la mama na sasa inabidi iwashe vinasaba vyake yenyewe, na hapo mbegu ya baba nayo inajulikana. Zinazofika siku ya 5 au ya 6, zile wanaziita blastosisti, mara nyingi ni theluthi moja mpaka nusu ya zilizorutubika. Zangu zilifika 3.

14, 11, 9, 6, 3. Ziandike mahali. Na kuna wanaobaki na moja, na kuna wanaobaki hawana hata ya kuwekewa na hilo nalo litajulikana kwenye simu hizi hizi, kwahiyo siku ya simu usiwe kwenye daladala, usiwe unafundisha, kaa na mtu.

Kuwekewa

Hakuna nusu kaputi. Unakunywa maji kibofu kijae kwa sababu kibofu kikijaa kizazi kinanyooka na kinaonekana vizuri kwenye ultrasaundi, na ukifika kliniki dokta amechelewa na wewe unataka kupasuka, ndo mateso pekee ya siku hiyo. Mrija mwembamba laini unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kwenye skrini unaona kidoa cheupe kinadondoka, dakika 5 mpaka 10 umemaliza.

Moja au mbili? Sisi tulitaka mbili, kila mtu anataka mapacha amalize shida kwa mara moja. Dokta akatugomea akatueleza mapacha maana yake ni uwezekano mkubwa wa kuzaa kabla ya wakati, presha ya mimba, na watoto kukaa kwenye mashine. Kwa aliye chini ya miaka 35 na ana blastosisti nzuri, moja inatosha. Tukakubali shingo upande.

Alafu ukishawekewa nenda kakojoe. Haitadondoka! Kizazi sio ndoo, kuta zake zimebanana. Na ule mtindo wa kulala siku kumi miguu juu ya mto haujawahi kusaidia mtu, tembea, pika, rudi kazini kama kazi yako sio ya kubeba magunia.

Zile wiki mbili

Unapewa projesteroni, homoni ya kushikilia mimba, mara nyingi vidonge vya kuweka ukeni asubuhi na jioni, vinayeyuka na kutoka kama nta kwahiyo nunua pedi nyembamba za kutosha. Usiache hata dozi moja bila kuambiwa, hata ukiona damu.

Sasa, dalili. Matiti kuuma, tumbo kuvuta, usingizi, kwenda haja ndogo kila saa, zote hizo projesteroni inaleta yenyewe na hazina maana yoyote, wala kutokuwa nazo hakuna maana. Na usipime UPT (kipimo cha mimba cha mkojo) mapema. Kama sindano yako ya kupevusha ilikuwa ya hCG, ndo homoni ile ile kipimo cha mimba kinachoitafuta, na inaweza kukaa mwilini siku 10 mpaka 14, kwahiyo unapima unaona mistari miwili, unapiga vigelegele, kumbe unasoma sindano yako mwenyewe.

Kipimo cha kweli ni damu, beta hCG, kati ya siku ya 9 na ya 14 tangu kuwekewa, kutegemea kliniki. Kikiwa chanya unarudia baada ya masaa 48 waone kama inapanda vizuri, mwanzoni inatakiwa iwe inakaribia mara mbili. Kisha ultrasaundi wiki ya 6 au 7, kuona kama iko ndani ya kizazi, maana hata kwa IVF mimba inaweza kwenda kwenye mrija, na kama mapigo yapo. Msishangae na hesabu ya wiki: siku unayowekewa embrayo ya siku ya 5 mimba tayari inahesabiwa wiki 2 na siku 5. Wifi yangu alipohesabu kwa vidole akasema mbona siku ile ulikuwa Dar na mumeo yuko Tunduma, ikabidi niondoke sebuleni.

Ikiwa hasi

Ya kwanza yangu ilikuwa hasi. Nesi alisema "pole dada, ni chini ya moja", mimi nikamwambia asante, sijui asante ya nini. Unaacha projesteroni kwa maelekezo yao, hedhi inakuja ndani ya siku chache na inakuwa nzito. Omba miadi na dokta baada ya wiki mbili hivi, sio siku hiyo hiyo, na uende na maswali yameandikwa: embrayo ilikuwa ya daraja gani, ukuta wa kizazi ulikuwa milimita ngapi, kuna kitu cha kubadilisha au ni kujaribu tena tu? Mara nyingine jibu ni kujaribu tena tu, kwa sababu embrayo nyingi zinazokataa zina kasoro za vinasaba ambazo kwa macho kwenye darubini hazionekani, na haikusababishwa na wewe kufua wala kupanda basi wala kula nanasi.

Kuwekewa embrayo iliyogandishwa ni rahisi mno ukilinganisha. Hakuna kuvuna, wengi hawana hata sindano. Mimi nilikuwa kwenye vidonge vya estrojeni kama wiki mbili, ukuta ukafika milimita 9 (wanataka 7 na kuendelea), projesteroni siku tano, ikayeyushwa, nikawekewa. Hiyo ilikuwa Mei 2023. Binti yangu alizaliwa Februari 2024.

Moja imebaki. Iko kwenye tangi la naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na inalipiwa kila mwaka. Usaini vizuri ile fomu ya kugandisha, soma wanasemaje mkiachana, mmoja akifariki, au mkichelewa kulipa, na waachie namba mbili za simu tofauti na zenu maana watu tunabadilisha laini. Ya kwetu tarehe ni 2 Desemba, nimeiweka kwenye simu yangu na ya dereva wangu, kila mwaka ikilia anauliza "tunaichukua?" nami namwambia lipa kwanza.